Njia ya Kuri Nyuma ya Hekalu

Theluji ilikuwa imefika madirishani. Mbwa Kuri aliuchukua mkanda wake wa kutembezwa mdomoni, akaja kuuweka juu ya goti la mzee Tokuji. Mzee akautupa pembeni. Mbwa akaufuata, akaurudisha umelowa mate, mkia ukipiga mlango wa karatasi pa, pa, pa.

"Tulia wewe. Si mimi wa kukutembeza."

Aliyekuwa akimtembeza ni Fumie, mke wa mzee. Fumie alifariki majani yalipokuwa yakipukutika. Mtungi wa mifupa yake iliyosalia baada ya kuchomwa maiti ulikuwa bado kwenye madhabahu ya nyumbani, maana makaburi yote yalikuwa yamefukiwa na theluji, hakuna wa kuyafikia hadi iyeyuke. Kila asubuhi Tokuji alimwekea wali, akawasha ubani, basi. Kusema naye alikuwa hajaweza.

Binti yao Setsu alikuwa njiani kutoka mjini kuja kumchukua Kuri moja kwa moja. Tokuji mwenyewe ndiye aliyempigia simu. "Njoo umchukue. Mimi simuwezi." Setsu hakuuliza kwa nini. Alidhani ni magoti.

Hayakuwa magoti. Majira ya baridi njia ya kwenda mtoni huwa moja tu, ile inayopita uwanja wa hekalu, chini ya lango jekundu. Hiyo ndiyo watu huisafisha. Nyingine huachwa zifukiwe. Na pale kijijini mwenye msiba hapiti chini ya lango lile mpaka mwaka upinduke. Tokuji alijaribu mara moja. Kuri akavuta kuingia, yeye akavuta kurudi, wakawa wanavutana mbele za watu kama wagomvi wa sokoni. Mzee akaona haya. Tangu siku hiyo mbwa akawa anafunguliwa uani tu, anazunguka, anarudi.

Sasa Kuri aliuokota mkanda tena. Hakumletea mzee. Alikwenda nao mpaka madhabahuni, akaulaza mbele ya mtungi, akakaa chini. Masikio wima. Anangoja.

Tokuji alitazama mpaka akashindwa.

"Fumie," alisema. "Fumie, mbwa wako huyu."

Akanyanyuka. Akatungua ukutani viatu vyake vya theluji, vile vya mti uliopindwa.

Langoni Kuri alivuta kama kawaida. Mzee hakumvuta kurudi. Alipinda kushoto, nyuma ya hekalu, katikati ya miti ya mierezi ambako theluji ilimfika kifuani, akaanza kukanyaga. Anashindilia, anasogea, anashindilia tena. Ujanani ndivyo walivyofungua barabara za kijiji, kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Miguu ilikuwa haijasahau. Pumzi ndiyo iliyokuwa imesahau.

Jirani yake Gonzo alikuwa uwanjani na koleo.

"Ala! Mzee mwenzangu, njia si hii hapa? Au macho yameganda?"

"Nina msiba."

"Msiba wako naujua, nililia mimi. Huko unachimba dhahabu?"

"Mbwa anataka mto."

Gonzo akacheka. "Umekuwa tingatinga leo! Utakufa humo, halafu Fumie anilaumu mimi."

"Hakuwa mtu wa kulaumu yule."

Gonzo akaacha kucheka. Akavua kofia, akaifuta theluji, akaivaa tena. "Hakuwa," alisema. Akarudi kwenye koleo lake.

Walipofika mtoni Kuri alichomoka. Alikimbilia jiwe ambalo Fumie alikuwa akilikalia kupumzika, akalifukua kwa pua na miguu, akalizunguka. Akatazama upande wa juu wa mto. Akatazama upande wa chini. Kisha akarudi polepole, akaegemea mguu wa mzee kwa uzito wake wote.

"Hayupo," mzee alimwambia. Lilikuwa neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajalitamka. Akasimama pale na mkono kichwani pa mbwa, mpaka vidole vikafa ganzi.

Wakati wa kurudi theluji ilianza upya, ikifunika nyayo zao wangali wanatembea.

Setsu alikuwa mlangoni, gari linanguruma, kizimba cha mbwa kiko wazi kwenye kiti cha nyuma.

"Baba! Umelowa hivyo, umetoka wapi?"

"Mtoni."

"Kwa lango?"

"Wee! Kijiji kizima kingenizomea. Kwa nyuma."

"Kwa nyuma kuna njia?"

"Sasa ipo."

Setsu alimtazama mbwa, akatazama kizimba. "Haya, nimchukue au nisimchukue?"

Mzee aligeuka kuangalia theluji ikishuka juu ya mierezi. "Ile njia isipokanyagwa kila asubuhi inapotea."

"Baba, nakuuliza mbwa."

"Na mimi nakujibu mbwa."

Setsu alikwenda kuzima gari. Akavua viatu, akaingia kumwashia mama yake ubani.