Nyanya za Kiu, Mwitongo

Kazi yangu ni kuzalisha mbegu za nyanya zinazostahimili ukame. Kwa lugha ya kwetu Mwitongo: nilisomeshwa miaka mingi ili nije kuinyima mimea maji.

Bustani ya ofisi, Musoma, iko karibu na ziwa. Udongo wake haujui kiu. Nikamwomba mama kipande cha shamba nyuma ya nyumba yake. Nilipanda aina mbalimbali, miche iliposhika nikamwagiza, "Mama, kuanzia leo hata tone. Zitakazokufa zife, zitakazobaki ndizo za mbegu." Mama akaitikia kwa upole ambao ungenitia shaka kama ningekuwa na akili.

Vuli ile mvua ilikuwa na adabu, haikutusumbua hata kidogo. Mahindi ya majirani yalisinyaa. Nyanya zangu zikanawiri, zote! Nikajiona mkombozi wa taifa. Nikawaita wakubwa, wakaja na kamera, mmoja amevaa tai, bila shaka ili ukame umheshimu.

Tulipozunguka nyumba, tukamkuta mama ameinama na ndoo.

"Mama, unafanya nini?"

"Si nazinyweshaga kila asubuhi," akajibu bila haya. "Majirani walishaanza kusema mwanangu msomi ameshindwa hata mboga. Ningefanyaje?"

Mwenye tai alikohoa. Mwenye kamera, mwenye utu kuliko wote, akaizima.

Wageni walipoondoka nilitaka kufoka. Lakini njia ya kisimani niliijua, na mlima wake, na magoti ya mama. Nikaokota ndoo, nikairudisha ndani.

Msimu uliofuata nilipanda tena, nikawaeleza majirani kwamba kufa kwa nyanya ndiyo kazi yenyewe. Wakazidi kumhurumia mama. Nyingi zilikauka, chache zilizobaki zilizaa matunda madogo, magumu, yenye ukali wa kufumba jicho.

Hizo nikaanza kuzichanganya na nyanya tamu ambazo mama hupanda kando ya jiko lake. Alinikuta na kibanio, nanyofoa sehemu za kiume kwenye ua.

"Kumbe unazihasi?"

"Naziozesha, mama. Bwana harusi anatoka kwenye mche mwingine."

"Bila kuwauliza wazazi?"

Kizazi cha kwanza kilisimama juani bila kunyauka sana. Mama alipika nacho sato, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja tena.

"Zinalika," akasema, na bila kuambiwa akaanza kukamulia mbegu kwenye kikombe.