Saa Arobaini na Nane kwa Kiwango cha Zamani

Hadi nilipostaafu mwaka juzi nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Bariadi. Kila tarehe moja niliandika mbele ya jina la kila mfanyakazi thamani ya saa moja ya ovataimu: mshahara wake wa saa, mara moja na nusu. Mwisho wa mwezi nilizidisha tu. Malori ya pamba kutoka Kasoli yakishapanga foleni getini, mazoea hayo yaliniokolea siku mbili nzima.

Mwezi mmoja mpakiaji wetu, mtu wa makamo kutoka Nkoma, alipandishwa cheo, akawekwa kwenye mashine ya kufunga marobota. Kuanzia tarehe kumi na sita mshahara wake ulitoka shilingi mia saba themanini kwa saa hadi elfu moja. Barua niliipokea mimi. Mshahara wa kawaida niliugawa vizuri, siku za kiwango cha zamani mbali na za kipya. Ovataimu sikuikumbuka. Pamba ilikuwa imechelewa, kwa hiyo saa zake zote za ziada, arobaini na nane, alizifanya baada ya tarehe hiyo. Nikazizidisha kwa namba niliyoiandika tarehe moja.

Kiwanda kizima kilijua shida yake. Mkewe alipofanyiwa upasuaji, alimweka rehani mmoja wa maksai wake wawili kwa jirani. Jumamosi ya mnada ikifika deni halijatimia, maksai ni wa jirani. Aliyebaki asingeweza kuvuta plau peke yake.

Ijumaa ya malipo alihesabu noti dirishani pangu mara mbili.

“Karani, hii imepungua.”

“Hesabu iko sawa, baba.”

“Mashine mpya, bei ya zamani?”

Foleni ikacheka. Mmoja akapaza sauti: “Mwache karani, na kalamu yake inataka chai!”

Nilifungua daftari na kuliona kosa palepale. Zilipungua shilingi elfu kumi na tano, mia nane na arobaini. Meneja alikuwa chumba cha pili, na mwezi uliotangulia alinikata mshahara kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikafunga daftari.

“Iko sawa.”

Aliinama, akashusha sauti. “Basi nikopeshe elfu kumi na sita. Kwingine kote nimeshakopa.”

Nilikuwa nazo mfukoni. Nikamwambia sina. Niliogopa kwamba nikimpa, itaonekana nimekiri.

Jirani hakupokea pungufu. Maksai aliuzwa mnadani kesho yake.

Mwezi uliofuata niliingiza tofauti ile kama marekebisho. Akaishika mkononi.

“Ya nini hii?”

“Ya mwezi uliopita. Nilikosea.”

“Ulijua lini?”

Ningeweza kusema jana. “Siku ileile, ukiwa umesimama hapo.”

Hakunitukana. Alisaini, akampisha aliyekuwa nyuma yake. Msimu ulipoisha hakurudi tena kazini.

Mvua za kwanza zilinikuta Nkoma, nimekwenda msibani. Niliwaona shambani, yeye na mkewe, wakilima kwa jembe la mkono. Mama yule alikuwa akilima kidogo, anasimama, anashika tumbo pale alipopasuliwa. Nikasimama njiani, nikawasalimu kwa Kisukuma.

“Mwadila!”

Mkewe aliitikia. Yeye alinitazama, kisha akamwambia mkewe apumzike, na mstari wa mkewe akaumalizia yeye.