Ugonjwa Usiouma

Fundi cherehani mmoja alisifika kwa kupima watu kwa macho. Ukiingia kibandani kwake, kabla hujaketi, ameshajua kiuno chako. Kwa hiyo suruali yake mwenyewe ilipoanza kupwaya, alilaumu kitambaa. Akaibana. Baada ya wiki sita akaibana tena, akinung'unika kwamba vitambaa vya siku hizi havina adabu.

Halafu tumbo likaanza vituko. Siku tatu choo hakipatikani, ya nne anakimbilia msalani mara tano. Akila matonge mawili, ameshiba. Pasi ya mkaa aliyoizoea miaka ishirini sasa ilimwacha akihema.

"Vidonda vya tumbo hivyo," alisema shemeji yake. Jirani akasema minyoo. Fundi akameza dawa za wote wawili, na kila moja ikampa nafuu ya siku mbili, jambo lililozidi kumchanganya. Kama ni ugonjwa, mbona hauumi?

Mkewe ndiye aliyemkokota hospitali. Daktari, binti aliyelingana na kifungua mimba wao, akauliza, "Baba, choo chako kina rangi gani?"

"Huwa sitazami."

"Kina damu," mkewe akasema taratibu. "Mimi ndiye ninayefua nguo zake. Nilidhani ni bawasiri, nikaona haya kumuuliza."

Fundi akamgeukia kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

Vipimo vilionyesha amepungukiwa damu. Wakampitishia mpira wenye kamera, wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Majibu ya maabara yakasema ni saratani.

"Lakini siumwi," Fundi akasisitiza.

"Mara nyingi huanza kimya kimya, baba. Umekonda bila kutaka, choo kimebadilika, kuna damu, unachoka. Kimoja kimoja kina sababu mia. Vikiandamana, au hata kimoja kikikataa kuondoka, njoo upimwe."

Alipasuliwa, kipande cha utumbo kikaondolewa. Saratani haikuwa imefika kwenye ini, ila dawa za kuiua, za kupitia mishipani, zingemfuata miezi kadhaa. Wodini akamuuliza mkewe, "Hivi ilianza lini?"

"Sijui. Labda mwezi ule wewe ulipoanza kubakiza chakula."

"Mwezi ule nilibakiza kwa kuwa nilidhani unazidisha chumvi." Akafikiri. "Kumbe hukuzidisha?"

"Nilizidisha."

Fundi akafumba macho, akajaribu kuhesabu miezi upya.