Treni ya Siku ya Yenga

Mwaka jana, nikiwa ugenini Ulaya, binti yangu alinipeleka kupanda treni ya mvuke inayotunzwa na wastaafu wanaojitolea. Mzee mmoja mwenye vidole vyeusi kwa grisi alinishika mkono nikapanda. Harufu ya mafuta na moshi iliponifikia, nikawa tena na miaka tisa, nimeshika kitenge cha nyanya yangu kule Kampemba, mtaa wa Lubumbashi.

Nyanya tulimwita kambo. Marehemu mume wake alikuwa mchochea moto wa gari moshi. Kila siku ya yenga, ndivyo tulivyoiita Jumapili kule Lubumbashi, tulitoka kanisani tukapitia nyumbani kuchukua sufuria ya bukari, ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga, kisha tukashuka hadi uwanja wa reli nyuma ya mtaa wetu. Huko wazee sita waliostaafu walikuwa wamefufua mashine ya mvuke iliyoachwa kwenye majani. Hakuna aliyewalipa. Treni nyingi za dizeli zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri, maduka ya mjini yalikuwa yameporwa, lakini wao walikuja na ovaroli zilizopigwa pasi.

Mkubwa wao alikuwa jirani yetu, dereva wa zamani. Alitega sikio ubavuni mwa mashine akajua nati gani imelegea. Alipenda kutuambia kwamba mashine inataka maji, moto na adabu. Sisi watoto tulipanda bure behewa moja la viti vya mbao, tukaenda taratibu. Mvuke uliingia madirishani, ukafunika mahindi yaliyopandwa kando ya reli, na kwa kitambo hukujua kama uko macho au unaota. Tuliimba mpaka sauti zikakauka.

Kisha maneno mabaya yakaanza. Wazazi wa dereva walikuwa wametoka Kasai, jimbo la mbali, ingawa yeye alizaliwa mtaani petu. Ikasemwa watu wa Kasai warudi kwao. Waliokuwa wakimwamkia wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Asubuhi moja tulikuta paa lake limejaa mawe, na kambo akawaleta yeye, mke wake na watoto wao wanne jikoni kwetu. Walikaa siku tatu, wakizungumza kwa kunong'ona.

Familia nyingi zilikuwa zimekwenda stesheni kungoja treni ya kuwaondoa. Kufika huko kwa miguu kulichukua saa nzima, na kwenye kila njia panda vijana walisimama na mawe. Siku ya nne akaja mmoja wa wale wazee.

"Mukubwa, barabara iko mubaya," alisema. "Tunawasha mashini, tunakupeleka."

Dereva alitikisa kichwa. "Leo haiko siku ya yenga."

"Tunajua. Lakini utaendesha weye mwenyewe."

Kambo alikataa kuagana nao jikoni. Alinishika mkono, tukapanda nao behewani. "Batoto, mukae chini," alituambia. "Musitokeshe kichwa ku dirisha."

Mimi nilichungulia. Penye kivuko cha barabara vijana walikuwa wamejaa hadi kwenye reli. Dereva hakupunguza mwendo wala hakuongeza. Alipiga honi moja ndefu, nao wakasogea. Mmoja alikuwa na jiwe mkononi. Nilimfahamu, alikuwa akikaa kiti cha nyuma yangu tulipoimba. Hakulitupa. Tulitazamana mpaka mvuke ukamfunika.

Stesheni ilikuwa magodoro, masufuria na watoto wanaolia. Dereva alifuta wenzo wa kufungulia mvuke kwa kitambaa, akawaambia wenzake waufungue polepole. Kwa kambo alisema, "Mama, tutaonana." Kambo alimfunga mtoto mdogo vizuri zaidi mgongoni mwa mama yake, kisha tukashuka.

Hatukupata habari zao tena. Sijui kama walifika, wala walikofika kulikuwaje. Mashine ilirudi uwanjani na haikuwashwa tena. Katika miaka iliyofuata mashine hiyo ilikatwa vipande, na reli yenyewe ikang'olewa kidogo kidogo. Leo pamejengwa nyumba. Wakubwa wa mtaa husema treni ile ilikufa kwa kukosa vipuri. Huwa siwabishii, ila wazee watano walibaki, wote mafundi, na vipuri vyao walikuwa navyo. Kila mmoja alijua kuiwasha. Hakuna aliyetaka kukaa pale alipokaa dereva.