Rangi Niliyoifuta Kichwani mwa Kaisari

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, msije mkamtafuta mwingine.

Nilikuwa nafanya usafi hapa Jeddah, kwenye ghala ambako vitu vya maonyesho vilifunguliwa kabla ya kupelekwa Riyadh. Siku hizi nchi imefunguka, hata sanamu zinaletwa watu wazitazame. Nilifanya kazi na Bakari, mtu wa Tanga, tukilala chumba kimoja mtaa wa Karantina.

Sanduku moja lilikuwa na kichwa cha marumaru, cha kaisari wa Roma ya kale. Pua imevunjika.

"Mwone huyu," Bakari akacheka, "kapigwa mpaka pua hana, na kiburi hakijamtoka!"

Bosi alituonya, lazima niwe mkweli: "Vumbi tu, kwa brashi laini. Maji mafi, hakuna maji!"

Adhana ya alasiri ikaingia, Bakari akaenda kuswali. Mimi Mkristo nikabaki. Nikaona wekundu kwenye nywele na machoni. Kabla ya hapo, miaka minne nilisugua sakafu za marumaru kwa madam niliyemfanyia kazi za ndani, doa likibaki nafokewa. Nikachukua jiki na kitambaa. Ukatoka wote. Jamani, nilifurahi!

Bakari akarudi. "We! Umemfanya nini?"

"Nimemng'arisha."

Akajishika kichwa. "Yarabi!"

Kule Riyadh mtaalamu akakilinganisha na picha zake za zamani. Halikuwa doa. Ilikuwa rangi waliyompaka wachongaji wake, karibu miaka elfu mbili iliyopita, na hakuna nyingine iliyosalia kichwani pale. Sikujua sanamu zile zilipakwa rangi! Lakini labda hilo ningesamehewa.

La pili ndilo baya. Daftari la zamu pale ghalani siku ile lilikuwa na sahihi ya Bakari peke yake. Bosi aliniuliza kwa upole, mara mbili: "Wewe unajua lolote?" Nikasema sijui. Bakari amesimama pale pale! Akanitazama, hakunitaja. Labda alikuwa ananingoja.

Ikama yake, kibali cha kuishi, ikafutwa, akarudishwa kwao. Mama yake alikuwa aje umra Ramadhani ile; Bakari alishamnunulia godoro.

Baada ya wiki tatu nikaenda kukiri. Bosi akasema, "Halas, faili limefungwa. Sasa unataka nifanye nini?" Simlaumu.

Nikampigia Bakari. "Sina neno nawe, ndugu yangu. Ila usinipige simu tena."

Godoro bado lina nailoni yake. Siwezi kulilalia, siwezi kulitupa.

Ndugu msomaji, ukiulizwa jambo lako, lijibu mwenzako angali amesimama chumbani. Akishaondoka, hata ukisema kweli yote, humwokoi mtu.