Jicho Jeupe Kwenye Picha ya Ubatizo

Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyesema, "Fundi, lipake weusi tu, picha ipendeze."

Tulikuwa studio ya picha hapa Lushoto. Mama mmoja kijana kutoka Malindi, kijiji cha wilaya hii hii, alikuja na mama mkwe wake kuchukua picha za ubatizo wa bintiye. Kwenye kompyuta, mboni moja ya mtoto ilikuwa nyeusi, ya pili imewaka nyeupe kama ya paka gizani.

Bibi wa mtoto akamshika fundi mkono. "Acha, mwanangu! Hata kwenye picha za Pasaka lilikuwa hivi, jicho hili hili."

"Mama, ni mwanga wa kamera," mama wa mtoto akanong'ona.

"Mwanga gani unaochagua jicho? Twende hospitali." Akanigeukia. "Na wewe, mzee wa kanisa, kapake weusi mvi zako!"

Ilikuwa saratani ya jicho. Jicho halikupona, mtoto akapona. Sasa amekua, na Jumapili iliyopita kaimba mbele ya usharika, na jicho lake la bandia, nami nikapiga makofi mengi kuliko baba yake. Picha ile bibi kaitundika sebuleni, haijapakwa kitu.

Ndugu msomaji, leo tazama picha za watoto wako. Ukiona mboni inang'aa nyeupe, usimwite fundi. Mpeleke mtoto hospitali.