Mafuta ya Kukamulia Kwenye Misumari

Watu wakisikia umesomea uhandisi wa umeme na kompyuta, wanadhani miaka mitano ulikuwa ukiunda roboti. Mimi yangu iliishia kwenye misumari miwili. Na niseme mapema, hasira zangu ni za karibu, kwa hivyo msitarajie nitajisifu sana hapa.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa kifaa cha kupima unyevu wa majani chai. Kwetu, upande wa Kiptere, siku ya mvua kituo cha kupimia majani huwa kelele tupu. Karani anasema majani yako yana maji, wewe unasema ni umande tu, mnabishana hadi lori linafika. Nikajiambia nitaimaliza hiyo kelele. Unadunga misumari miwili ndani ya gunia, umeme kidogo unapita kutoka mmoja hadi mwingine, na kadiri majani yalivyolowa ndivyo unavyopita kwa urahisi. Kiskrini kinakuonyesha asilimia. Mara ya kwanza niliangushwa kwa sababu saketi iliungua mbele ya walimu. Nikapewa nafasi ya pili, na ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nikianguka tena, wenzangu wanafuzu, mimi narudia mwaka mzima.

Wikendi kabla ya siku hiyo nilienda nyumbani kukijaribu. Kikafanya kazi hadi nikacheka peke yangu shambani. Jumatatu asubuhi nilitangulia chuoni nacho kwa mfuko, nikamwachia baba kazi moja: achume majani, ayaloweshe, aniletee kabla ya saa nne. Ya jana hayafai, lazima yawe mabichi.

Alifika saa tatu unusu na gunia mgongoni, koti limelowa, kichwani kofia ya sufu ile ya kulalia, miguuni gambuti zake za mpira za shambani. Woi! Wenzangu walikuwa wamefunga tai. Nilimpokea gunia mlangoni nikamwambia, "Baba, ngoja hapa nje. Ndani ni wanafunzi tu." Hakuna mtu aliyekuwa amesema hivyo. Alisema sawa, akasimama kwa korido.

Nikadunga misumari ndani ya majani yanayochuruzika maji. Kiskrini kikaandika sufuri. Nikachomoa, nikadunga tena. Sufuri. Walimu watatu wananitazama tu. Nikakagua betri, nikapima waya mmoja mmoja, kila kitu kiko sawa. Ndipo nikainua misumari karibu na uso, nikasikia harufu ninayoijua tangu utotoni: mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka chuchu za ng'ombe.

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Baba hawezi kuona chuma akakiacha hivyo. Jembe, kisu cha kupogolea chai, bawaba za mlango, vyote anavipaka mafuta hayo hayo. Na mafuta hayapitishi umeme. Jamani, nilichemka! Angekuwa karibu ningemwambia maneno ambayo hadi leo ningekuwa nayajutia.

"Shida iko wapi?" akauliza mwalimu aliyeongoza jopo.

"Misumari ina mafuta."

"Nani ameipaka?"

Mlango ulikuwa wazi. Nikamwona baba amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili, na uso wake ulinionyesha kwamba ameelewa. Hasira yote ikaniisha. Nikamhurumia.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisahau kuisafisha."

"Hapana," baba akaita kutoka koridoni. "Daktari, ni mimi. Jana jioni. Niliona chuma kipya kinaenda kukaa kwa maji, nikaona kitashika kutu. Huyu mtoto hajui lolote. Msimwangushe kwa sababu yangu."

Mwalimu akamwambia, "Mzee, karibu ndani." Kisha akanigeukia. "Na kweli, baada ya miezi miwili ya mvua, misumari yako itakuwaje?"

Muda wote huo wa kuchora saketi, sikuwahi kufikiria kutu hata siku moja. Nikasema hivyo hivyo, kwamba sikufikiria. Wakanipa spiriti nikaipangusa misumari, nikaidunga, na kiskrini kikapanda hadi sabini na kitu. Walinipitisha kwa sharti moja: nitafute chuma kisichoshika kutu, niandike upya sehemu hiyo.

Tulipotoka, tuliketi kwenye ngazi za nje. Baba alikuwa anakunja gunia lake tupu.

"Baba, hakuna aliyesema usiingie. Nilikuonea aibu."

Aliendelea kukunja lile gunia hadi likawa dogo.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana nilipita kwa bomba kwanza, nikaosha gambuti. Nikadhani itatosha."